Bwana Salama Mwezini

Ndoto hii aliiota Mwanamvua binti Mhando, wa Muheza, na kabla ya kuisimulia sina budi kuisimulia siku iliyoitangulia, maana mtu akilala na kero tele kifuani hawezi kuota anachuma maua. Alfajiri ya siku hiyo alikuwa akimtoa baba yake kitandani kumpeleka msalani. Mzee Mhando alipigwa na kiharusi miaka miwili nyuma, na mguu wake wa kushoto tangu hapo haumsikii. Mguu huo uliteleza kwenye sakafu yenye maji, wakaanguka wote wawili, binti chini na baba juu yake. Mwanamvua alipigiza kiuno, akabaki amekaa kwenye maji, amemkumbatia baba yake asije akagonga kichwa ukutani, na hakuna wa kumwita, kwani nyumba ile yenye vyumba vingi, iliyojengwa kwa kutegemea wana na wakwe na wajukuu, ilikuwa na watu wawili tu na wote walikuwa sakafuni. Walipofanikiwa kuinuka, uji ulikuwa umeshaungua. Mzee akauliza kama taarifa ya habari imekwisha kusomwa.

Sasa, mzee huyu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Alipokuwa kijana alisikia redioni habari za watu watatu waliopanda chombo wakaenda mwezini, katika zile safari za mwanzo mwanzo, wakati watu wengine mtaani waliapa kwamba ni uongo na wengine waliapa kwamba ni kufuru. Kiharusi kilimpokonya maneno mengi, pamoja na majina ya majirani zake, lakini hadithi hiyo kilimwachia nzima. Basi asubuhi ile, huku Mwanamvua akimlisha uji ulioungua, alianza tena. "Wawili wakashuka," alisema, ulimi ukimburura. "Wakakanyaga. Wawili wale!" Mwanamvua, ambaye kwa mara ya kwanza maishani aliisikiliza hadithi hiyo, akauliza, "Na wa tatu je, baba?" Mzee akamtazama kwa mshangao. "Yule? Yule alibaki na chombo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa nani alifunga mlango, kisha akarudi kwa wawili wake. Mwanamvua alimfuta mdomo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ni siku ya simu. Mzee Mhando ana wana wawili wa kiume: Shekue, mkubwa, yuko Maskati, na Mbwana, kitinda mimba, ni meneja wa kiwanda cha samaki Mwanza. Shekue ndiye aliyepiga baada ya sala. "Hamjambo huko?" "Hatujambo, kaka." "Baba?" "Hajambo, anakusalimu." "Na wewe mwenyewe?" "Mimi? Mzima wa afya." Hayo aliyasema amekaa upande, kitambaa cha maji ya moto kimebandikwa kiunoni, machozi yanamlengalenga. Hapo ndipo mtu anapotamani kumshika mabega amtikise! Lakini tusijifanye hatumjui, kwani ndivyo tulivyolelewa sote. Mtu anatetemeka kwa homa mpaka meno yanagongana, ukimuuliza hali atasema njema, atakuuliza ya kwako, ya watoto, ya mvua, na baadaye sana, unapokaribia kuaga, ndipo atakapokiri kwamba kichwa kinamsumbua kidogo. Mwanamvua alikuwa amekubuhu zaidi. Yeye hata kwenye hicho kidogo hakufika, miaka miwili yote.

Simu ikapelekwa sikioni kwa mzee, na mzee akang'aa uso mzima. "Shekue, mwanangu! Mungu akuzidishie!" Akamwombea dua ndefu, ulimi wake ukinyooka ghafla kwa ajili ya dua hiyo. Jioni Shekue akaweka picha ya baba yake kwenye kundi la ukoo katika simu, picha ambayo Mwanamvua ndiye aliyeipiga baada ya kumwogesha mzee na kumvika kanzu, na mashangazi wakamiminika kwa pongezi: hongereni watoto wa kiume, kweli mnamtunza mzazi, pepo ni yenu. Mbwana naye akaweka mikono miwili ya kuomba dua. Mwanamvua aliyasoma hayo mikono ikinuka sabuni, shuka za mzee ziko kwenye beseni, akaona kwamba sasa basi. Kesho asubuhi angemwambia jirani amkalie mzee kidogo, anakwenda sokoni, kisha angepanda basi la kwanza kwenda Korogwe kwa rafiki yake Zuwena, azime simu, asirudi. Siku wakimkosa ndipo watakapomjua, alijiambia, na akalisema kwa sauti, peke yake uani, tena mara mbili. Akafunga nguo zake kwenye mkoba. Hata isha haikuwa imeadhiniwa alipojilaza kwenye mkeka mlangoni mwa chumba cha baba yake, akisema moyoni ni kunyoosha kiuno tu, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Akajiona amesimama katika nchi ya kijivu isiyo na jani wala sauti. Udongo wake ulikuwa laini, mithili ya majivu ya jikoni, na juu anga lilikuwa jeusi tititi ingawa jua liliwaka, na mbali kabisa dunia ilining'inia ya buluu, ndogo kiasi kwamba Maskati na Mwanza na Muheza zote zingefunikwa na kidole kimoja. Hakuogopa. Kilichomshangaza ni kwamba kiuno hakikumuuma, na alipoinua mguu kutembea ulipaa wenyewe akatua mbele sana, akapaa tena, mpaka akacheka kwa raha ambayo alikuwa ameisahau. Ndipo mkono baridi ukamgusa bega. Alikuwa ni mwanamke aliyevaa buibui safi lisilo na hata chembe ya vumbi, uso umefunikwa, sauti yake ya upole mno. "Usishangae, dada yangu," alisema. "Mimi naitwa Subira. Tunafahamiana sana, mimi na wewe. Ni mimi ninayekaa nawe kila usiku unapomgeuza baba yako ubavu, na ni mimi ninayekushika mdomo ndugu zako wanapopiga simu. Fuatana nami nikuonyeshe nchi hii, uone namna wema wanavyolipwa." Mwanamvua akaona ni heshima kubwa kuongozwa na Subira mwenyewe, akamfuata.

Wakafika kwenye uwanda mpana penye ghasia. Jukwaa lilikuwa limesimamishwa, na juu yake lilisimama jitu nene lenye kipaza sauti, limevaa joho la rangi zote, nalo lilikuwa likipiga kelele mpaka mawe yanatikisika. "Yule ni Sifa," alisema kiongozi wake. "Ana macho mawili makubwa, lakini shingo yake haigeuki, kwa hiyo huona kilicho mbele yake tu." Na mbele ya Sifa walikuwapo wasafiri wawili waliovaa mavazi meupe mazito na kofia za kioo, majina yao yameshonwa kifuani kwa uzi mwekundu: mmoja Ushujaa, mwingine Maarifa. Hawakuwa watu wabaya, na hili lazima tuliseme. Ushujaa alikuwa anarukaruka kwa furaha ya kweli ya mtu aliyefika mbali, na Maarifa alikuwa amepiga magoti anaokota mawe, anayageuza, anayatia kwenye mfuko kwa uangalifu. Ila kila walichofanya, hata kupiga chafya ndani ya kofia, Sifa alikitangaza. Nyuma yao alitembea kizee mmoja mwenye ufagio, anafagia taratibu kila kitu kisichokuwa mbele ya jukwaa. Mwanamvua akamwamkia, "Shikamoo, bibi. Mbona naona wawili? Mimi nimeambiwa walikuja watatu." Kizee akajibu marahaba, akafikiri, akatikisa kichwa. "Walikuja wawili, mwanangu. Watatu ndio nani?" Akaendelea kufagia. Huyo alikuwa Usahaulifu, na Mwanamvua akapandwa na hasira hata akataka kumnyang'anya ule ufagio.

"Umeona?" alisema mwenye buibui, na sauti yake tamu ikawa na kitu kinachochoma ndani yake. "Tazama juu." Mwanamvua akatazama, akaona nukta ya mwanga inapita angani polepole, inazunguka mwezi, haitui. Kama ilivyo desturi ya ndoto, kuitazama tu kukamfikisha, na wakajikuta ndani ya chombo chenyewe, chumba kidogo kama stoo ya kuwekea mkaa, kimejaa nyaya na vitufe na taa. Wa tatu alikuwapo humo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vazi jeupe kama la wenzake, lakini kifuani pake hapakushonwa jina lolote, na alikuwa amekwisha vaa kofia yake ya kioo ingawa alikuwa chomboni. Alipowaona aliinuka haraka, akagonga kichwa kwenye dari, akaomba radhi kwa dari. "Karibuni, karibuni sana! Kaeni. Mimi nimezoea kusimama. Wananiita Bwana Salama." Humo ndani mlikuwa na sauti ya kitu kinachofyonza, ssss, haikatiki, na Mwanamvua, ambaye masikio yake yalishazoea kusikiliza pumzi za mgonjwa, akaielewa kabla hajaambiwa. Ukutani palikuwa na ufa, na hewa ilikuwa inatoka. Mshale wa geji ya hewa ulikuwa unateremka, unatulia, unateremka tena.

Hapo redio ikakoroma, sauti ikaja kutoka duniani. "Chombo, chombo! Hamjambo huko juu?" Bwana Salama akajiweka sawa, akasafisha koo. "Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ninyi huko?" "Sisi wazima. Hewa ipo?" "Ipo, ipo ya kutosha." Akageuka pembeni akakohoa mpaka akainama. "Ni kikohozi hicho?" "Hapana, nilikuwa nacheka." "Alhamdulillahi. Basi tuache tusikilize habari za wale wawili." Redio ikakatwa. Mwanamvua akalipuka. "We bwana! Chombo kinavuja, wewe unasema hatujambo?" Bwana Salama akamtazama kwa huruma, kama vile yeye Mwanamvua ndiye mwenye shida. "Dada, wenzangu wana kazi kubwa kule chini. Nikiwaambia, si watahangaika bure? Na wa duniani wako mbali, watafanya nini? Wataumia roho tu. Mimi nitajibana. Napumua kidogo kidogo, unaona?" Akamwonyesha namna anavyopumua, nusu pumzi, akingoja, nusu nyingine. "Nimezoea," akamalizia. Mwenye buibui akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huo ndio uvumilivu," alisema. Mwanamvua alitaka kumkubalia, lakini ule mshale wa geji ulimkera kupita kiasi, na akili yake ikakataa.

Basi chombo kikazunguka kikaingia nyuma ya mwezi, upande ambao dunia haionekani na redio haishiki. Giza likawa zito. Chini yao, katika giza hilo, Mwanamvua akaona nchi nyingine, na ilikuwa imejaa watu. Walikaa kila mmoja kwenye jiwe lake, wamegeuziana migongo, mbele ya kila mmoja kikombe cha chai iliyopoa. Wake kwa waume walikuwamo, mama waliolea watoto wasio wao, mafundi waliomaliza kazi wakasahauliwa, na kila mmoja alikuwa anajisimulia chini kwa chini ubaya aliotendewa, na akifika mwisho anaanza upya. Lakini upepo wowote ukipita na kuwauliza hali, wote pamoja waliinua nyuso, wakatabasamu, wakajibu, "Hatujambo!" Kisha nyuso zikashuka tena. Kulikuwa na jiwe moja tupu lililofutwa vumbi, na kikombe chake kilikuwa kimeshamiminwa chai. Mwanamvua hakuuliza ni la nani. Akageuka kumtafuta kiongozi wake, na ndipo aliposikia mtu anagonga ukuta wa chombo kwa nje, tena kwa fujo.

"Nifungulieni, nyie viziwi!" ilikuwa sauti ya mwanamke. Kidirisha kikafunguka chenyewe, na kikapitisha kichwa na mabega ya mama mnene mwenye kanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani, jasho linamtiririka, mikono yote miwili imekandamiza ule ufa kwa nje. "Hatimaye!" alisema. "Tangu safari ianze nimeshikilia hapa, vidole vimekufa ganzi, nampigia huyu bwana kelele awaambie wenzake, na yeye anasema salama, salama, salama! Nitamtwanga kofi siku moja." Mwanamvua akauliza kwa adabu yeye ni nani. "Mimi ni Subira," alisema mama. Mwanamvua akasema haiwezekani, Subira anaye hapa, ndiye aliyemleta. Mama akacheka kwa uchovu. "Huyo? Mwambie afunue uso." Mwenye buibui akarudi nyuma, lakini hapakuwa na pa kurudi, na nguo ikanasa kwenye kitufe ikafunuka. Chini yake mlikuwa na uso mkavu wenye midomo iliyokazwa, macho mekundu ya mtu asiyelala kwa kukumbuka, na Mwanamvua aliujua uso huo mara moja, kwa kuwa ndio aliouona kwenye kioo asubuhi alipokuwa akipiga mswaki.

"Anaitwa Kinyongo," alisema Subira. "Buibui ni langu, aliliiba nilipolianika. Sikiliza, mwanangu, na unisikilize vizuri kwa sababu mikono inauma. Mimi kazi yangu ni kushikilia ufa mpaka fundi aje. Naweza kushikilia muda mrefu, kuliko mnavyodhani, na sitalalamika. Lakini fundi hawezi kuja kama hakuitwa. Anayebeba mzigo na kusema ni mzito, huyo yuko kwangu. Anayebeba akasema ni mwepesi, kisha akawachukia waliomwamini, huyo amehamia kwa mwenzangu hapo, hata kama anaswali rakaa zote pamoja nami." Kinyongo hakukana. Alijipangusa buibui, na akasema kwa ile sauti yake tamu, "Wewe mwenyewe ndiye uliyeniita Subira. Mimi ningekataaje jina zuri? Na sikukudanganya. Nilikuahidi kukuonyesha wema wanavyolipwa. Umeona jukwaa, umeona ufagio. Sasa chukua haki yako." Akamwonyesha mpini mwekundu pembeni ya kiti. "Ukiuvuta huu, chombo kinaondoka kinakwenda nyumbani. Hewa iliyobaki inamtosha mtu mmoja. Wawili wale watapanda na mawe yao, watakuta hakuna kitu. Siku wakikukosa ndipo watakapokujua." Maneno hayo yalikuwa ni yake Mwanamvua, aliyoyasema uani, na kuyasikia kutoka kinywani kwa mwingine kulimtia aibu, lakini hakukumpunguzia hasira. Akauweka mkono juu ya mpini.

Wakati huo huo Bwana Salama akaanguka. Hakupiga kelele. Alikunjika taratibu, kwa heshima, akijitahidi asimguse mtu, na hata alipokuwa chini midomo yake iliendelea kusema, "Salama tu, msijali." Chombo kikatokeza upande wa mwanga, redio ikakoroma, na sauti mbili zikaja kwa pamoja zikihema. "Chombo! Tumepanda! Tunakutafuta, hatukuoni. Hujambo?" Mwanamvua akazijua sauti hizo. Moja ilikuwa ya Shekue, nyingine ya Mbwana, ile ya utotoni alipokuwa akimwita aje amvushe mtaro. Na hapa nisimpambe mtu: aliwachukia. Aliwachukia wote wawili kwa moyo wake wote, akatamani wabaki huko na mawe yao na jukwaa lao mpaka siku ya kiyama, na mkono wake ukaubana ule mpini mpaka kucha zikawa nyeupe. Kilichomzuia hakikuwa wema. Aliinama kwanza kumvua Bwana Salama kofia apate pumzi, na kwenye kioo cha kofia akaona uso wake mwenyewe, akafikiri, naam, nilijua ni mimi. Lakini alipoifungua, mtu aliyekuwa ndani, anayepumua nusu nusu kwa kujibana, alikuwa baba yake.

"Baba!" alisema Mwanamvua. "Salama, mwanangu," alijibu yule mtu. "Usijisumbue." Basi kitu kikakatika ndani ya Mwanamvua, na hakikuwa uchungu, kilikuwa ni kuchoka kabisa na neno hilo, kulichoka mpaka kwenye mifupa. Akauachia mpini, akaikamata redio kwa mikono miwili. "Hatujambo gani?" alipiga kelele. "Nani hajambo? Chombo kinavuja! Huku mtu amelala chini hapumui! Mimi niko peke yangu na kiuno changu kimevunjika na ninyi mnaokota mawe! Nyie Shekue na Mbwana, mnanisikia? Si salama! Haijawahi kuwa salama hata siku moja!" Kinyongo akaziba masikio kwa buibui. Kule chini Sifa alijaribu kugeuza shingo aone ni nani anayesema, asiweze. Kisha sauti moja, ndogo, yenye hofu, ikasema redioni, "Mbona ulikuwa unasema hujambo?" Na Subira akawa anacheka pale dirishani, mikono yake bado iko kwenye ufa, anasema, "Endelea, mwanangu, endelea, usikate," na kwa kule kucheka kwake chombo kizima kikatikisika, na Mwanamvua akazinduka.

Alizinduka kwenye mkeka, koo limekauka kwa kelele alizopiga, adhana ya alfajiri inamalizikia. Kiuno kilimuuma vilevile. Alikaa kwanza, akaipekua ndoto kipande kwa kipande kabla haijayeyuka. Ya jukwaa na ufagio hayakuhitaji mfasiri. Ya Kinyongo yalimwingia taratibu na yakamuudhi, maana hakuna anayependa kuambiwa kwamba ule wema aliojivunia miaka miwili ulikuwa umebadilishwa nguo uani. Aliona kwamba Shekue na Mbwana walikuwa na makosa yao, na aliazimia kuwahesabia yote, lakini kosa la kutojua hakuweza kuwahesabia, kwa sababu alilitengeneza yeye kila Ijumaa kwa mdomo wake. Hadi hapo alielewa. Ambalo halikumwingia ni ule uso ndani ya kofia. Ilipaswa uwe wa kwake. Akasimama kwa kujivuta, akaingia chumbani.

Mzee Mhando alikuwa macho, ametazama dari. "Umelalaje, baba?" "Salama," alisema mzee. Lilikuwa ni jibu lile lile la kila asubuhi, na kila asubuhi Mwanamvua alilipokea akaenda kubandika maji. Safari hii alibaki amesimama. Aliangalia namna mzee alivyopumua, nusu, kisha akangoja, kisha nusu nyingine. "Baba," alisema, akakaa kitandani. "Nimekuuliza swali. Usinijibu salama. Umelalaje?" Mzee akayakwepa macho yake. Akahangaika na ulimi wake. "Sijalala," alisema hatimaye. "Bega. Linawaka moto." "Tangu lini?" "Ramadhani." Sasa ilikuwa imeshapita Ramadhani na Idi zote mbili, na Mwanamvua akafunika uso kwa viganja. "Mbona hukuniambia? Ninalala hapo mlangoni, baba! Hapo!" "Ulikuwa umechoka," alisema mzee. "Nikasema nisikuongezee."

Mwanamvua hakujua acheke au ampigie mzee huyo kelele, na akafanya vyote viwili kidogo kidogo. Kisha akachukua simu, akampigia Shekue bila kungoja Ijumaa nyingine, akaiweka simu itoe sauti chumba kizima. "Mwanamvua?" Shekue alisema kwa sauti ya usingizi. "Alfajiri yote hii? Hamjambo?" Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limekaa tayari, na ilibidi alimeze. "Hatuko salama, kaka," alisema. "Kaa kitako nikwambie." Akamwambia. Alimwambia habari za msalani, za usiku, za kiuno, za dawa zinazokwisha, za nguo alizozifunga mkobani na alikotaka kwenda, na hilo la mwisho lilimtoka kwa shida kuliko yote. Hakulia na hakupamba. Shekue akaanza, "Lakini kila siku unasema..." "Najua nilichokuwa nasema," Mwanamvua alimkatiza. "Leo nakwambia hivi." Shekue akavuta pumzi. "Nipe baba," alisema. "Anakusikia, sema." "Baba? Shikamoo, baba. Hujambo?"

Mzee Mhando akaitazama simu, na uso wake ukaanza kung'aa kama kawaida. "Marahaba, mwanangu!" alisema. "Sijambo, sijambo kabisa, Mungu akuzi..."

"Baba!" Mwanamvua alifoka.

Mzee akaikatiza dua. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, jinsi alivyokaa upande mmoja asikikalie kiuno, na midomo yake ikawa inatafuta, kwa maana maneno aliyoyataka hayakuwa katika yale machache ambayo kiharusi kilimwachia. Shekue alikuwa anaita, baba, baba, unanisikia? Mzee akainua mkono wake mzima kumnyamazisha, ingawa Shekue hakuweza kuuona.

"Mwongo," alisema. "Mimi mwongo. Bega linaniuma. Silali." Akapumzika. "Na mdogo wako... Mwanamvua..." Akalirudia jina lake, kwa taabu, mpaka likatoka sawasawa. "Mwanamvua ameanguka na mimi. Ameumia, anajificha. Namwona. Kila siku namwona. Njoo, Shekue. Acha kuniombea dua, njoo."